Sindano Kwenye Kiti cha Mwalimu wa Zamu

Kama gazeti la wiki iliyopita umeshalifungia viatu, usijisumbue kulifungua. Nitakukumbusha.

Mwanangu wa kwanza, ambaye nyumbani tunamwita Meneja tangu alipopewa ofisi yenye mlango wake peke yake, aliniletea gari jipya. Jeupe, linang'aa kama jino la bandia. Akasema lile la zamani limeshapata mteja. Mteja mwenyewe ni bwana mmoja wa masharubu, anayekodisha magari ya kale kwa maharusi. Alikuja na futi, akapima boneti ya gari la marehemu mume wangu, akauliza maua yatakaa upande gani.

Nikakataa. Meneja akang'ang'ania. Tukabishana mpaka kaka yangu mkubwa akatoa daftari. Kaka ni karani wa mahakama aliyestaafu, ila mahakama yenyewe haijastaafu ndani yake. Akaandika masharti: Jumamosi asubuhi magari yote mawili yapande mlima hadi nyumbani kwake. La zamani likishindwa kufika, nitie sahihi na Masharubu alichukue. Jipya likishindwa, la zamani libaki uani kwangu mpaka siku yangu ya mwisho. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu: atakayefanya hila, gari lake limeshindwa.

Nikatia sahihi yangu ya darasa la saba. Hapo ndipo mlipoishia.

Leo ninayo ya kuungama. Yapo mawili, na moja nilikuwa sijalisema hata kwenye mto wangu wa kulalia.

Kwanza mfahamu magari yenyewe.

La zamani tunaliita Shangazi. Marehemu ndiye aliyempa jina hilo. Ni mzito, ana sauti, akifika mahali mtaa mzima unajua amefika, na haraka yako haimhusu. Kumwamsha asubuhi kuna utaratibu: unavuta choki kwa vidole viwili, unakanyaga mafuta mara tatu, unatulia kidogo kama unamngoja mgeni avue viatu, ndipo unazungusha ufunguo. Ukiruka hatua moja ananuna. Kioo cha nyuma kinashikiliwa na kipande cha ndala. Kipimo cha mafuta kilikufa kabla kitinda mimba wangu hajaota meno, kwa hiyo tunachovya fimbo kwenye tangi na kusoma mpaka ilipolowa.

Lakini viti vyake, jamani. Kazi yangu ya maisha ni kushona viti vya magari, na vya Shangazi nimevishona mara nne. Springi, gunia, pamba, ngozi, kwa mpangilio huo. Ukikaa hujui kama umekaa au umebebwa mgongoni.

Jipya nililipa jina mimi: Mwalimu wa Zamu. Kila kitu anakiona na kila kosa analitangaza. Ukichelewa kufunga mlango, anasema. Ukiusogelea ukuta, anapiga filimbi. Ana sauti ya mwanamke mpole asiyechoka, ile sauti ya mtu anayekukosea adabu huku akikuita mpenzi. Anakuarifu kwamba nje kuna joto, na wewe ndiyo kwanza umetoka huko nje. Ukifungua boneti unakuta kifuniko kingine, kama mtu aliyevaa kofia juu ya kofia.

Nilimuuliza Meneja tairi la akiba liko wapi. Akanionyesha kopo la povu. Ukipata pancha, alisema, unapulizia. Nikamuuliza kopo hilo linafungwa kwa spana namba ngapi. Hakucheka. Tangu apate mlango wake, mwanangu kicheko amekiacha nje ya mlango huo.

Na ufunguo wake si ufunguo. Ni kidude cheusi kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Hukichomeki popote. Kinakaa mfukoni au mkobani, gari linajua kipo, unabonyeza kitufe tu linawaka. Kisipokuwepo, ukizima ndiyo umezima. Kiwekeni akilini hicho kidude.

Sasa ungamo la kwanza.

Wiki mbili kabla ya mashindano, Meneja aliniomba nimshonee Mwalimu wa Zamu vifuniko vya viti. Ilikuwa namna yake ya kunibembeleza, nami nikabembelezeka, maana mtu akinigusa kwenye ufundi wangu nalainika. Nikachukua kitambaa kizito, uzi wa rangi ya damu ya mzee, na sindano zangu za kupinda, kila moja ndefu kama kiganja. Mkwe wangu, mke wa Meneja, akakaa karibu yangu ananitungia uzi. Yeye ni muuguzi, mtu wa maneno machache na macho mengi.

Katika ufundi wetu, unasukuma sindano mpaka iguse springi. Ikigonga chuma, unajua umeshika, unaizungusha, unarudi nayo juu. Basi nikasukuma kwenye kiti cha abiria. Haikugonga kitu. Nikasukuma zaidi. Kumbe viti vya siku hizi havina springi hapo katikati, ndani ni sponji tupu na nyaya nyembamba kama utumbo wa kifaranga. Mimi nilikuwa natafuta mfupa kwenye mwili usio na mfupa.

Nilianza na sindano tano. Nilipokunja kitambaa changu zilikuwa nne.

Nikatafuta. Nikapapasa kiti kwa kiganja, nikapapasa zulia, nikapapasa gauni langu. Mkwe wangu alikuwa ameingia ndani kuchemsha maji. Nikajiambia labda nilikuja na nne. Mtu aliyeshona viti tangu kabla Meneja hajazaliwa, anajiambia labda alikuja na nne.

Niwaambie na jingine humo humo. Mwezi uliopita niliandika hapa kwamba niligonga nguzo ya geti kwa sababu mbuzi alikatiza nyuma ya gari. Hakukuwa na mbuzi. Nawaomba radhi wasomaji, na nawaomba radhi mbuzi wote wa mtaa wetu.

Jumamosi ikafika.

Meneja alikuja amefunga tai, kama anakwenda kupokea cheti. Mkwe wangu akakaa kiti cha mbele cha abiria, mkoba mapajani. Mwalimu wa Zamu akaondoka kimya kimya, kama mtu anayekwepa kuosha vyombo. Mimi nikavuta choki, nikakanyaga mara tatu, nikamngoja mgeni avue viatu. Shangazi akakohoa, akatema moshi, akasema haya.

Kwenye lami halikuonekana hata vumbi lao. Nilikuwa nimeanza kufikiria Masharubu atamvisha Shangazi maua ya rangi gani.

Lami ikaisha. Mlima ukaanza na mashimo yake. Nilipofika kona ya pili nikawakuta wamesimama kando, madirisha wazi, na ile sauti ya mpenzi inasikika hadi barabarani:

"Abiria wa mbele hajafunga mkanda. Tafadhali funga mkanda."

Nikapunguza mwendo. Nikasimama. Kutega sikio si hila, wala hakumo kwenye daftari la kaka.

"Nimefunga," mkwe wangu alikuwa akisema.

"Mbona linasema hujafunga?"

"Liulize."

"Fungua, ufunge tena."

Akafungua, akafunga tena. Nikasikia kabisa ule mlio wa kufunga. Mwalimu wa Zamu akarudia, kwa upole ule ule, kwamba abiria wa mbele hajafunga mkanda.

"Hili gari halikosei," Meneja akasema. "Lina kompyuta."

Mkwe wangu akamgeukia mumewe. Mimi niliwahi kuolewa, najua migeuko ya namna hiyo.

"Kwa hiyo anayekosea ni mimi."

Mwanangu, ambaye ofisini anajibu barua kabla hazijafunguliwa, akainamia kompyuta yake. Mkwe wangu akafungua mkanda ambao inasemekana hakuufunga, akashuka na mkoba wake, akaja hadi kwa Shangazi. Mlango wa Shangazi lazima uuinue kidogo ndipo uvute. Akauinua. Nilishangaa kwamba alikuwa anajua.

"Twende, Mama."

Nami hapo nilikuwa nimeshajua. Kila Mwalimu wa Zamu alipoingia shimoni, kiti kilibonyea, na kitu kirefu cha chuma kikagusa waya usiotakiwa kuguswa. Sindano yangu ya tano ilikuwa inazungumza kwa sauti ya mwanamke mpole.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo. Nikatia gia ya kwanza.

Kwenye kioo cha juu nilimwona Meneja ameinama, anabonyeza kitu. Tulikuja kujua baadaye kwamba alizima gari ili kelele ikome, na kweli ilikoma. Halafu akataka kuliwasha. Halafu akatoka nje, akainua mikono miwili juu, anaipunga. Nilidhani anatutakia safari njema. Nikampigia honi.

Shangazi alipanda. Alipanda kama mtu mzima anavyopanda ngazi, anashika ukuta, analalamika, lakini hasimami. Mkwe wangu aliegemea nyuma, akafumba macho kidogo, akasema kiti hiki kinamkumbusha kitanda cha bibi yake. Ndilo neno refu kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Kisha akafumbua macho, akawa ananitajia barabara.

"Shimo, kushoto."

"Nimeliona."

"Jiwe."

"Nimeliona hilo nalo."

"Hilo si jiwe, Mama. Ni kuku. Jiwe ndilo hili."

Kuku akaruka. Jiwe hatukuligonga, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshashika usukani chini ya mkono wangu, taratibu, kama anavyomshika mgonjwa asiyetaka kuambiwa ni mgonjwa.

Tukaenda hivyo kipande kizima. Halafu akasema, macho yake barabarani, kwamba tatizo si gari. Meneja hana shida na Shangazi, alisema, anampenda, alijifunzia kuendesha humu. Ni ile nguzo ya geti. Tangu ile nguzo mwanangu halali vizuri. Akaona njia rahisi ni kuleta gari linalopiga filimbi lenyewe likikaribia kitu, na kuliondoa hili lisiloona, maana kumwambia mama yake uso kwa uso hawezi.

"Mbuzi," nikasema.

"Mama, siku ile nilikuwa dirishani."

Nikabadilisha gia. Na siku ile ya sindano, akaendelea, mimi nilikuwa naitafuta sindano kwa kupapasa. Alirudi na chai akaniona nikipapasa zulia. Alifikiri nimedondosha kifungo.

Akafungua mkoba. Alisema amekwenda kliniki ya macho akaniandikisha, Jumatatu asubuhi, nipimwe tu, hakuna atakayenishika kwa nguvu. Alikuwa anatoa kadi nyeupe yenye maandishi madogo kama sisimizi. Nikamwambia mimi sisomi huku naendesha. Akasema nisimame basi. Nikasema nikisimama nimeshindwa.

Katika kuivuta ile kadi, kitu kikadondoka mapajani mwake.

Cheusi. Kama kipande cha sabuni.

Tukakitazama wote wawili. Hata macho yangu yalikiona, kilikuwa karibu. Mkwe wangu akageuka nyuma. Huko chini, Mwalimu wa Zamu alikuwa doa jeupe kando ya barabara, na pembeni yake doa dogo lenye tai.

Mimi nilikuwa tayari kupunguza mwendo. Sikusema nilipunguza. Nasema nilikuwa tayari.

Akakichukua kile kidude, akakirudisha mkobani, kadi akaiweka juu yake, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Endesha, Mama," akasema. "Nimefunga mkanda."

Nilicheka mpaka Shangazi akayumba. Naye akacheka. Tulifika kwa kaka tukiwa na machozi usoni, na sababu hatukuwa tayari kumweleza mtu.

Kaka alikuwa barazani, meza imetandikwa, daftari wazi, saa ya mkononi ameivua ameiweka mbele yake. Masharubu amekaa pembeni na kalamu ya mfukoni. Kaka akaandika saa ya kufika kwa Shangazi. Akauliza lingine liko wapi. Mkwe wangu akasema limepumzika. Masharubu akatazama mlango wa Shangazi, akatazama kioo kilichoshikiliwa na ndala, akameza mate kama mtu aliyeondolewa sahani mbele yake.

Nilikuwa nimeshinda. Niliketi kwenye kiti cha kaka, kiti kibaya mno, mshono wa kona umekufa, nikaonja ushindi. Shangazi uani kwangu mpaka siku yangu ya mwisho.

Nilikuwa nimeshapewa maji ya pili tulipomwona Meneja.

Alikuja kwa miguu. Viatu vyeupe kwa vumbi, navyo asubuhi vilikuwa vyeusi. Tai ameitia mfukoni. Anachechemea, mkono mmoja nyuma kwenye suruali. Mkono wa pili ameunyoosha mbele, juu yake kitambaa cha pua kimekunjwa kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba yai.

Hakunisalimia. Akaeleza, kwa sauti ya ofisini, kwamba gari liligoma, akahamia kiti cha abiria kutafuta kasoro. Alikaa kwa uzito wake wote. Kasoro ikamtafuta yeye.

Akakifunua kitambaa juu ya daftari la kaka.

Sindano ya kupinda, ndefu kama kiganja. Bado ina uzi. Rangi ya damu ya mzee.

Masharubu akauma mdomo asicheke. Kaka hakuuma kitu. Aliisogeza sindano kwa ncha ya kalamu, akavaa miwani, na mimi nikamwona dada yake anageuka kuwa mshtakiwa.

"Hii ni yako, dada?"

"Ni yangu."

"Sasa jibu taratibu, maana naandika. Uliiacha mle makusudi, au hukuiona?"

Meneja alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira tena usoni. Alikuwa na ile sura aliyokuwa nayo akiwa mdogo, akiniuliza kama sindano ya hospitali inauma, akiomba nimdanganye.

Nikaelewa mtego wote kwa mara moja.

Nikisema makusudi, nimefanya hila. Wino mwekundu upo pale. Shangazi anakwenda na Masharubu, anavikwa maua, anabeba maharusi wa watu. Lakini mimi nabaki mtu mwenye macho. Nitaendesha, hata kama ni Mwalimu wa Zamu, hata kama atanipigia filimbi mpaka sokoni.

Nikisema sikuiona, sikufanya hila. Shangazi anarudi uani kwangu, halali yangu. Na usukani wake sitaushika tena, maana nani atamwachia usukani mtu asiyeona sindano ndefu kama kiganja? Nitakuwa naketi ndani yake pale uani, kama mtu anayengoja gari liondoke.

Sasa ungamo la pili, lile la mto. Sikuiona. Nimekuwa sioni tangu mwaka jana. Nyuso zenu nazijua kwa sauti, nguzo nazijua kwa kuzigonga.

Hilo nawaambia ninyi. Kwa kaka nilisema hivi:

"Makusudi."

Meneja akashusha pumzi, sijui ya huzuni au ya nafuu. Masharubu akafungua kifuniko cha kalamu. Kaka akainamisha kichwa, akaanza kuandika, herufi kubwa, taratibu, kama alivyoandika hukumu za watu maisha yake yote.

"Mjomba, usiandike kwanza."

Mkwe wangu alikuwa amesimama. Mtu wa maneno machache. Hakunitazama. Akavuta zipu ya mkoba mpaka mwisho, akaingiza mkono.

Mle ndani nilijua vimo vitu viwili. Kimoja, kile kidude, kitamharibia yeye mbele ya mumewe, na daftari zima la kaka litakuwa karatasi tupu, maana gari liligoma kwa kukosa ufunguo, si kwa sindano. Kingine ni cheupe, kina jina langu, na Jumatatu asubuhi, na kitamwambia kaka kwamba sindano sikuiona.

Mkono ukaanza kutoka. Niliinama mbele, nikakaza macho yangu yote mawili, na kwa umbali ule wa hatua tatu, wallahi, sikuweza kuona ameshika nini.